Kreta na Kaldera: Kilele cha Menengai Kilikwenda Wapi?

Leo tuzungumze juu ya maneno mawili ambayo sisi wa Nakuru na Bonde la Ufa la kati huyatumia kama mapacha: kreta na kaldera. Yanaanza kwa sauti moja, yanaishia kwa sauti moja, na yote mawili yametufikia kupitia vitabu vya jiografia. Waulize wanafunzi wawili Menengai ni nini. Mmoja atakwambia kreta, wa pili atakwambia kaldera, na huenda wote wakapewa alama. Ramani zinaandika kreta, na waongoza watalii husema kreta. Kamusi zetu zinalo neno kasoko, linalosikika zaidi katika vitabu vya Tanzania, lakini nalo hubandikwa kwenye shimo lolote lililo juu ya volkano, liwe dogo liwe kubwa. Dai langu ni kwamba Menengai ni kaldera, haijawahi kuwa kreta, na tofauti hiyo haihusu ukubwa wala mapambo ya kitaalamu. Inahusu jinsi shimo lilivyotokea, na kwa watu wanaolima, kujenga na kulala ubavuni mwa mlima huu, jinsi shimo lilivyotokea ndiyo habari yenyewe.

Tuanze na kreta. Kreta ni mdomo wa volkano. Chini kuna njia inayopandisha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, na pale njia hiyo inapofika juu, milipuko hutupa mawe, majivu na gesi pande zote. Vinavyotupwa huanguka kandokando ya mdomo na kuujengea ukingo. Kreta basi huchimbwa na kujengwa kwa pamoja, na upana wake hufuata nguvu ya njia iliyo chini yake. Mfano ulio karibu nasi ni ziwa dogo la Sonachi, lile la maji ya kijani lililo magharibi ya Ziwa Naivasha, lililokaa ndani ya mdomo wa volkano ya zamani. Kaldera ina asili nyingine kabisa. Chini ya volkano kubwa, kilomita kadhaa kwenda chini, magma hukusanyika katika hifadhi pana, na hifadhi hiyo husaidia kuubeba mlima ulio juu yake. Ikitokea magma nyingi ikamwagika kwa muda mfupi, paa la hifadhi hukosa kitu cha kulishikilia. Hukatika kwa mviringo, na kilele kizima cha mlima hushuka, kama mfuniko mdogo kuliko sufuria yake unavyotumbukia ndani. Kreta ni mahali kitu kilipotokea. Kaldera ni mahali kitu kilipozama.

Sasa tuipeleke tofauti hiyo Menengai tuone inasemaje. Mlima huu ulianza kujengeka takriban miaka 200,000 iliyopita, lava juu ya lava, ukawa mlima mpana wa miteremko ya polepole. Leo sehemu ya juu kabisa ya ukingo iko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na ndani ya ukingo huo kuna shimo la kilomita 12 hivi kwa 8. Ukubwa huo peke yake hautoshi kuwa ushahidi, nami nitaurudia baadaye. Tazama kuta kwanza. Ni majabali yaliyokatwa karibu wima, na tabaka za lava zilizomo zinainama kuelekea nje, kwa sababu zamani zilitiririka kutoka kwenye kilele kilichokuwa katikati na juu zaidi. Ukizifuata kwa macho kuelekea ndani, zinakatika ghafla hewani. Kilele zilikotoka hakipo. Mlima uliojengwa kwa maelfu ya miaka umepoteza kichwa chake, na anayetaka kuuelewa lazima aulize kichwa hicho kilikwenda wapi.

Jibu limetandazwa nje ya mlima, na jiji la Nakuru limejengwa juu yake. Pande zote za Menengai kuna majivu na mawe mepesi yenye vitundu, mabaki ya milipuko miwili mikubwa, mmoja wa miaka 29,000 hivi iliyopita na mwingine wa miaka 8,000 hivi iliyopita. Katika milipuko ya namna hiyo majivu hayapandi angani tu. Mengi hubingirika juu ya ardhi kama wingu zito la moto na kufunika kila kitu kwa kilomita nyingi. Kama kilele cha kale kingekuwa kimerushwa hewani, tungekikuta humo, kimevunjika vipande vipande. Vipande vya miamba ya zamani vimo, lakini sehemu kubwa ya majivu hayo ni magma mpya, iliyotoka chini ikiwa moto na kuganda kuwa chembe za kioo na povu la mawe. Mlima wa kale haukutupwa nje. Uko palepale ulipokuwa, chini ya sakafu ya shimo, umezama, na juu yake zimemwagika lava changa zaidi ya mitiririko 70, baadhi yake pengine za miaka mia chache tu iliyopita. Juu ya sakafu hiyo hiyo vimeota vilima vidogo vyenye midomo yao wenyewe. Hizo ndizo kreta za Menengai, na ziko ndani ya kaldera.

Hoja ya namna hii, ya kulinganisha kilichopotea na kilichotupwa, si mpya. Mwaka 1941 mwanajiolojia Howel Williams alichapisha kazi kubwa juu ya asili ya kaldera duniani, akaonyesha volkano baada ya volkano kwamba hesabu ya kurushwa haitimii na hesabu ya kuzama inatimia. G.J.H. McCall, aliyechora ramani za miamba ya eneo la Nakuru katika miaka ya ukoloni, aliiita Menengai kaldera. Kwa hiyo wataalamu walikwisha kulitumia neno hilo kabla Kenya haijapata uhuru. Lililobaki nyuma ni somo la mtaani na la darasani.

Na pingamizi la kwanza linatoka hukohuko darasani: kaldera ni kreta kubwa tu. Wako wanaoweka hata kipimo, kwamba shimo likizidi kilomita moja au maili moja liitwe kaldera. Naelewa kwa nini kipimo hicho kinapendwa, maana mwanafunzi anaweza kukikariri na mtahini anaweza kukisahihisha. Lakini kinashika kivuli cha jambo. Kaldera huwa pana kwa sababu kinachozama ni paa la hifadhi nzima ya magma, na hifadhi ni pana kuliko njia ya kupandia. Upana ni matokeo ya kuzama, hauwezi kuwa maana yake. Mtu akitaka kuliona hilo bila ubishi aende Suswa, kusini ya Longonot, katika nchi ya Wamaasai. Suswa ina kaldera mbili, moja ndani ya nyingine. Ile ya nje ina ukubwa unaokaribiana na wa Menengai. Ya ndani ina kilomita tano hivi, na katikati yake limesimama bonge kubwa la mlima lililozungukwa na handaki la mviringo, mfano wa kisiwa. Bonge hilo halikurushwa popote. Ardhi iliyolizunguka ilishuka, lenyewe likabaki. Hakuna kipimo cha upana kitakachokueleza kisiwa hicho, lakini neno kuzama linakieleza mara moja.

Longonot nayo inafundisha vizuri, kwa sababu imebeba maneno yote mawili mgongoni. Wengi wanaoupanda mlima huo hadi mita 2,776 hutazama ndani ya lile shimo la mviringo lenye upana wa karibu kilomita 1.8 na msitu chini yake, wakadhani wameiona volkano yote. Wameona mwisho wa hadithi. Zamani Longonot ilikuwa mlima mwingine, ambao miaka 21,000 hivi iliyopita ulizama ukaacha kaldera ya kilomita 8 kwa 12. Ndani ya kaldera hiyo ndipo ulipojengeka mlima wa sasa wenye ncha, na juu ya ncha hiyo ndipo ilipo kreta. Anayetumia neno moja kwa vitu viwili hivi hana njia ya kueleza kwamba mlima tunaouona umesimama juu ya kaburi la mlima mwingine. Hadithi ya milenia nyingi inakunjwa ikawa picha moja ya shimo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo huletwa na watu waliosoma. Wanasema: kubali kwamba sehemu fulani ilizama, lakini milipuko ndiyo iliyoanzisha yote, kwa nini tusiseme mlima ulilipuka, yakaisha? Jibu ni kwamba kuzama kunaweza kutokea karibu bila mlipuko, na dunia imelishuhudia hilo kwa macho. Mwaka 2018 volkano ya Kilauea kule Hawaii ilifungua nyufa mbali na kilele, lava ikamwagika kwenye mashamba na nyumba za watu kilomita 40 hivi kutoka kileleni. Kadiri lava ilivyotoka kule chini, kilele kilizidi kuporomoka kwa awamu, tetemeko baada ya tetemeko, tangu Mei hadi mwanzoni mwa Agosti, hadi sakafu yake ikashuka karibu mita 500. Hapakuwa na mlima uliorushwa angani. Hifadhi ilipungukiwa, paa likaifuata. Ndiyo, Menengai ilikuwa na milipuko ya kutisha, tena Pinatubo ya Ufilipino ilionyesha mwaka 1991 jinsi mlipuko mkubwa na kuzama vinavyoweza kwenda pamoja. Lakini mlipuko ni njia moja tu ya kuimwaga hifadhi. Kinachozaa kaldera ni kumwagika kwenyewe.

Nakubali kwamba mpaka wa maneno haya hauko wazi kila mahali. Vipo vishimo vidogo juu ya volkano ambavyo navyo vilitokea kwa kuporomoka baada ya lava kurudi chini, na wapo wataalamu wanaoona dalili hizo hata katika kreta ya Longonot. Tena neno kaldera lenyewe lilipata umaarufu kutoka kisiwa cha La Palma, katika visiwa vya Canary, ambako bonde kubwa la Taburiente huitwa hivyo hadi leo, ingawa siku hizi wanajiolojia wanasema bonde hilo lilichongwa zaidi na maporomoko ya ardhi na mmomonyoko. Lakini kuwepo kwa alfajiri hakufuti tofauti ya usiku na mchana. Menengai, Suswa na kaldera ya Longonot haziko mpakani. Ziko katikati kabisa ya maana ya neno, na ni vigumu kupata mifano iliyo bayana zaidi ya hii tuliyo nayo mlangoni.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi, yaani faida ya kulijua hili kwa mkazi wa kawaida. Neno kreta humwachia mtu picha ya kitu kilichokwisha: volkano ilipasuka, ikapoa, pakabaki shimo la kutazamwa na wageni. Neno kaldera linamkumbusha kwamba chini kulikuwa na hifadhi, na linamlazimu kuuliza kama imejaa tena. Kwa Menengai swali hilo limejibiwa kwa keekee. Kampuni ya serikali ya kustawisha kawi ya mvuke, GDC, ilianza kuchimba visima ndani ya kaldera mwaka 2011. Katika visima kadhaa, kwenye kina cha kilomita mbili hivi, wachimbaji walikuta kioo kibichi cha volkano, dalili kwamba keekee ilikuwa imegusa magma yenyewe. Visima vya mvuke vya Olkaria, kule Naivasha, vinavyochangia umeme tangu 1981 hutegemea joto la miamba na maji yaliyo chini. Menengai imetuonyesha moto wenyewe ukiwa karibu kiasi hicho na miguu yetu. Mwaka 2023 mtambo wa kwanza, wa megawati 35, ulianza kuzalisha umeme humo. Mhandisi anayepanga mahali pa kuchimba hafuati mdomo wa volkano. Anazisoma nyufa za mviringo zilizoachwa na kuzama, pamoja na nyufa za Bonde la Ufa zinazopita hapo, kwa sababu humo ndimo maji hushuka na mvuke hupanda. Wanavijiji wa Eburru na wa Suswa walijua zamani kunufaika na mvuke huo, wakiupitisha kwenye mabomba upoe na kuwa maji ya kunywa mahali pasipo na mto.

Ardhi yenyewe inaendelea kusogea. Picha za rada za satelaiti zilionyesha kwamba kati ya 1997 na 2000 ardhi ya Menengai na ya Suswa ilishuka kwa sentimita chache, na kati ya 2004 na 2006 Longonot iliinuka kwa sentimita tisa hivi. Volkano ya Paka, kule kaskazini katika Baringo, iliinuka zaidi ya sentimita 20 katika 2006 na 2007. Volkano inayopanda na kushuka si maiti. Wapo watakaosema kwamba kuzungumza hivi ni kuwatia watu hofu bure, hasa katika jiji lililopandishwa hadhi Desemba 2021 na linalojengwa kwa kasi kuelekea mteremko wa mlima. Naona kinyume chake. Hofu hulelewa na maneno yasiyo sahihi. Machi 2018, mvua kubwa ilipofungua korongo kule Mai Mahiu na kuikata barabara ya Narok, vyombo vya habari vya dunia vilitangaza kwamba Afrika inapasuka vipande viwili mbele ya macho yetu. Wanajiolojia walieleza kwamba maji yalikuwa yamesomba majivu laini ya volkano yaliyoziba nyufa za zamani. Bara linatanuka kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Watu waliokuwa na maneno ya kutenganisha ufa wa kale, majivu yaliyoujaza na maji yaliyoyachota hawakuwa na sababu ya kutishika. Wasiokuwa nayo walibaki na picha moja ya kuogofya. Mkazi wa Nakuru ambaye amewahi kuona ardhi ikititia baada ya mvua anahitaji maneno ya aina hiyo hiyo, maana chini ya nyumba yake pia kuna majivu na nyufa.

Tena milipuko hii haikutokea katika dunia tupu. Miaka 8,000 iliyopita, kaldera ya Menengai ilipozama mara ya mwisho, wawindaji walikuwa tayari wanaishi katika bonde hili. Zana zao za mawe meusi ya kioo cha volkano zimefukuliwa katika Pango la Gamble, karibu na Elementaita, ambalo Louis Leakey alilichimba katika miaka ya 1920. Binadamu wa Nakuru ameishi pamoja na kaldera hii tangu kuzama kwake kwa mwisho. Majina aliyoipa baadaye yana uzito huo: Menengai huhusishwa na neno la Kimaasai la maiti, na husimuliwa pamoja na vita vya Wapurko na Walaikipiak, makundi mawili ya Wamaasai, katika karne ya 19, ambamo inasemekana walioshindwa walitupwa kutoka ukingoni. Wakikuyu nao waliuita mlima wa mizimu. Wazee hao hawakuwa na habari ya hifadhi ya magma, lakini hawakuliona shimo lile kuwa mandhari tu.

Limebaki pingamizi la jina. Dunia nzima, nitaambiwa, inaijua Menengai kwa jina la kreta, kama inavyoijua Ngorongoro kwa jina hilo hilo, na Ngorongoro nayo ni kaldera, yenye eneo la kilomita za mraba 260 hivi, iliyozama zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Watalii wanakuja, fedha inaingia, jina lina kosa gani? Sidai jina libadilishwe. Jina la mahali ni mali ya watu na linaweza kubeba kosa la zamani bila madhara; mto unaoitwa mweusi si lazima maji yake yawe meusi. Kinachonisumbua ni jina kugeuzwa kuwa maelezo. Mwalimu anapofundisha, mwandishi wa kitabu cha shule anapotoa mifano, kaunti inapoweka bango ukingoni, hapo hatutaji jina tu, tunaeleza kitu. Na maelezo yanayosema Menengai ni tundu lililolipuliwa juu ya mlima ni ya uongo, hata kama yanakubalika katika mtihani.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa jiografia wa Nakuru, Gilgil, Naivasha na Narok. Mnapowapeleka wanafunzi Menengai, msiwaulize shimo hili lina upana gani. Wasimamisheni mbele ya ukuta, wazione zile tabaka zinazoinama kwenda nje, halafu waulizeni kilele kilikwenda wapi. Kwa serikali ya kaunti, ombi langu ni dogo zaidi: jina la zamani libaki kwenye bango, na chini yake paandikwe kwa Kiswahili kwamba hii ni kaldera, kwamba ilizama mara mbili, miaka 29,000 na miaka 8,000 hivi iliyopita, na kwamba moto bado uko chini yake.